Kwaya za Kinyozi za Tulsa na Daftari la Mwalimu Wetu

Ukiwaambia watu wa Moshi kwamba huku Oklahoma kuna wazee wanaoimba nyimbo za kinyozi (barbershop), za watu wanne bila ala, watacheka. Kwetu kinyozi ni ubishi wa Simba na Yanga, Bongo Fleva na foleni ya Jumamosi. Lakini Tulsa, mji ninaoishi, ndipo chama cha waimbaji hao kilipozaliwa.

Aprili 11, 1938, wakili wa kodi O. C. Cash na mwenzake Rupert Hall, mtu wa biashara ya fedha, waliwaita wanaume waje kuimba kwenye bustani ya paa la Tulsa Club. Walikuja 26. Mkutano wa tatu walijaa kama 150, magari yakasimama barabarani chini yao, na magazeti yakaisambaza habari. Walikuwa wanaona uimbaji wa watu wanne bila ala unakufa, wakataka kuuhifadhi.

Sisi tuliokulia kwaya ya usharika tunauelewa haraka, ila mambo yamepangwa kivyake. Nyumbani wimbo wenyewe unabebwa na sauti ya kwanza. Huku unabebwa na wa pili kutoka juu, mwimbaji wa tenori anapita juu yake kwa wembamba, besi anashika chini, na baritoni anaokota nota zilizobaki, kazi ngumu isiyo na sifa. Kinanda hakuna. Mmoja anapuliza kifaa kidogo cha mviringo cha kutolea nota, basi. Mpatano wa sauti wa mwisho wanaushikilia mpaka sauti zikae sawasawa, na hapo unasikia juu kabisa sauti ya tano ambayo hakuna anayeiimba. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitazama spika. Spika haikuwepo.

Sasa ubaya wake. Mtindo huu haukuanzia kwa wanaume wa paani. Mtafiti Lynn Abbott alionyesha mwaka 1992 jinsi ulivyotoka kwa Wamarekani weusi, waliokuwa wakiimba hivyo kwenye maduka yao ya kinyozi na mitaani. Louis Armstrong mwenyewe aliimba katika kikundi cha wanne utotoni New Orleans. Chama cha kuhifadhi kikawafungia mlango waliouanzisha mtindo. Mwaka 1941 kikundi cha wapagazi weusi wa stesheni, Grand Central Red Caps, kilishinda mashindano ya New York kikazuiwa kwenda fainali za chama St. Louis; Al Smith, gavana wa zamani wa New York, na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji hilo, wakajiuzulu chamani kwa hasira. Milango ilifunguliwa rasmi kwa weusi mwaka 1963. Wanawake, ambao tangu 1945 walikuwa na chama chao kilichoanzia hapahapa Tulsa, walikubaliwa uanachama mwaka 2018. Na huu ndio mji uliochoma Greenwood, mtaa wa weusi, mwaka 1921, jirani tu na paa lile.

Hata hivyo naujua mlolongo huo wote kwa sababu wameuandika, aibu ikiwemo. Hapo ndipo wametuzidi. Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa wanajua klabu yao ya taarabu ni ya mwaka 1905. Lakini kwaya nyingi za bara, zenye sare, kanda na vikombe vya mashindano, hazina hata ukurasa mmoja wa historia. Mwalimu wetu alikuwa na daftari la nota kwa mkono wake, do re mi zote. Alipofariki lilibaki kwa familia, na sasa ubeti wa tatu kila mtu anauimba anavyoukumbuka.

Kaka yangu, besi wa kwaya ileile, anasema nimekuwa Mzungu: wimbo unaoimbwa kila Jumapili umeshahifadhiwa, wanaohitaji chama ni wale walioacha kuimba. Nusu namkubalia, maana huku kwenye mazoezi mvi ni nyingi kuliko vijana. Juzi nikamuuliza nani alitunga wimbo wetu wa mavuno. Akanitajia watu wawili. Mkewe, nyuma ya simu, akamtaja wa tatu.