Msomi, njoo ubonyeze "Hariri"

Kosa lilikuwa langu. Katika makala moja ya samaki kwenye Wikipedia ya Kiswahili niliandika kwamba nguru ni aina ya jodari. Lilikaa pale miezi, hadi mtu aliyeonekana kuijua biolojia aliponiandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: nguru yumo katika jenasi ya Scomberomorus, jodari katika Thunnus. Ni ndugu wa familia moja, Scombridae, basi. Akataja kitabu na ukurasa. Shahada yake hakuitaja.

Nilipomsimulia mchuuzi wangu wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, alicheka hadi akaweka kisu chini. "Bosi wangu, mkate jodari uone nyama ilivyo nyekundu, halafu mkate nguru. Hilo nalo linataka kitabu?"

Wasomi wetu hupenda kusema kwamba Wikipedia ya Kiswahili imejaa makosa. Ni kweli, yamo, pamoja na tafsiri za mashine ambazo ukizisoma kwa sauti ulimi unateguka. Lakini kati ya wanaolalamika, wangapi wamewahi kubonyeza "Hariri", kitufe kinachomruhusu yeyote kurekebisha makala? Makala fupi pale huitwa mbegu. Nyingine zimebaki mbegu miaka nenda rudi, na wenye jembe wamekaa kivulini.

Wapo wanaotaka mlango ufungwe, waandike wenye shahada peke yao. Hilo lilishajaribiwa. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, ensaiklopidia ya wabobezi, ambamo kila makala ilipita hatua saba za uhakiki. Mwaka ukaisha na makala zilizopitishwa zikiwa kama 20 tu. Wikipedia ilifunguliwa Januari 2001 iwe kama jiko la nyuma la kuipikia Nupedia, na jiko likaimeza nyumba. Baadaye Sanger alirudi na Citizendium, ensaiklopidia nyingine ya mtandaoni, ambamo waandishi walitumia majina halisi na wataalamu wakasimamia. Haikuwahi kuifikia Wikipedia hata kwa mbali.

Ila kuwaachia watu wa ridhaa kila kitu nako kuna gharama yake. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo ndugu wa Kiingereza, yalikuwa kazi ya kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12, akichukua Kiingereza na kukigeuzageuza tahajia. Watu walimshambulia vibaya. Mimi nilijiuliza wajuzi wa Kiskoti walikuwa wapi muda wote huo.

Najua kinachowaudhi wasomi. Mtu amefundisha somo lake miaka 30, anasahihisha sentensi moja, halafu kijana wa kidato cha pili anamuuliza: chanzo kiko wapi? Anaona amedharauliwa. Lakini hakuna aliye tayari kwa swali hilo kuliko yeye, kwa kuwa anajua rafu ipi ina kitabu kipi, na kipi kimeshapitwa na wakati. Yule wa biolojia alinishinda kwa mstari mmoja, wala hatukugombana.

Anayeonewa kweli na sharti la chanzo ni mchuuzi wangu. Anayoyajua yeye hayajachapishwa popote, kwa hiyo kwa kanuni za Wikipedia ni kama hayapo. Hapo ndipo ninapomhitaji msomi mara ya pili: ashuke Feri alfajiri na daftari, aulize, aandike, achapishe, ili sisi wa ridhaa tupate cha kurejelea.

Siku ile ile mchuuzi alinieleza upepo upi unaleta nguru kwa wingi na bei yake huanza kushuka lini. Nilirudi nyumbani, nikafungua ukurasa, nikaandika mistari mitatu mizuri. Kisha nikaifuta mwenyewe. Sikuwa na chanzo.