Ripoti ya sensa ni bure. Bure ya nani?

Ninakoishi sasa, Stornoway, kwenye visiwa vya kaskazini-magharibi ya Uskoti, watu wanapungua. Sensa ya 2011 iliwakuta zaidi ya 27,000 katika visiwa hivi. Ya 2022 ikakuta kama 26,000. Takwimu hizo hata bibi ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee anazo kichwani. Februari 2024 serikali yao ilitoa mpango wa kukabiliana na hali hiyo. Nikaenda maktaba, nikausoma bure, na kurasa nne nilizozitaka nikazichapa kwa sarafu za mfukoni.

Nikamkumbuka mjomba wangu aliyeko Buhigwe, mkoani Kigoma. Yumo kamati ya shule, akataka kujua kwa nini darasa la nne linapukutika wakati mkoa tunaambiwa unakua. Ripoti ya sensa ipo mtandaoni, haiuzwi. Akaweka bando, faili likakwama katikati. Akapanda bodaboda mpaka stationari Kasulu. Kijana akatazama kurasa: "Mzee, ziko mia mbili na kitu. Mia mbili mbili." Zaidi ya elfu arobaini! Mjomba akanunua chumvi na sabuni, akarudi zake.

Na hata angeipata, jumla ya mkoa ingemchanganya tu. Kigoma tulikuwa 2,127,930 mwaka 2012. 2022 tukawa 2,470,967. Ukiishia hapo utaapa hakuna anayehama. Kumbe sisi Waha tunaondoka tangu enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge kule Tanga, na leo vijana wanaishia kwenye tumbaku ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, wengine na mke na watoto. Wanaozaliwa wanawafunika wanaoondoka (nami nikiwemo).

Sidai maktaba kila kijiji. Ubao wa matangazo kwa mtendaji upo tayari. Ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili: kata ina watu wangapi, wa umri gani, vijana wamebaki wangapi ukilinganisha na 2012. Ripoti nzima nakala mbili zikae ofisi ya kata, anayetaka akae asome. Posho za semina moja ya uzinduzi zingelipia kata nyingi sana, tusidanganyane.

Mjomba hakusubiri. Alikaa na mwalimu, wakafungua daftari la mahudhurio, wakapita jina kwa jina. Watoto kumi na saba hawapo. Kumi na mmoja wako Kaliua.