Vina, mizani na karatasi za chooni

Shuleni tulisoma Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa mfungwa, kwa kuhesabu. Mwalimu alitutaka tuandike idadi ya beti, mishororo ya kila ubeti, mizani ya kila kipande, vina vya kati na vya mwisho, kisha tutaje dhamira. Sikumbuki hata siku moja tulipoulizwa mashairi yale yalitokaje gerezani. Kwa miaka mingi niliuona ufundishaji ule kuwa kosa, na bado nauona hivyo, ila siku hizi nakiri kwamba kule kuhesabu kulikuwa na faida ambayo mwalimu mwenyewe hakuitaja.

Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa Mombasa wa miaka 22 alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, akiikosoa serikali ya KANU kwa jinsi ilivyokikandamiza chama cha upinzani cha KPU. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa hadi Machi 1972, na muda mwingi alitengwa na wafungwa wengine. Mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa msaada wa askari jela, yakachapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata yalipata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Natamani ningekuwapo nione waamuzi wa tuzo walivyotazamana siku hiyo.

Wapo wanaoshikilia kwamba shairi si ushahidi wa kihistoria, kwa kuwa mshairi hasemi nani alifanya nini na lini. Ni kweli kwamba katika "Mamba", shairi mojawapo la diwani hiyo, hutapata jina la waziri wala tarehe ya kupekuliwa. Utamkuta mnyama mwenye kiburi mtoni anayedhani ataishi milele. Lakini mafumbo hayo yenyewe ni habari. Yanatuonyesha mfungwa alikadiria kwamba angeweza kusema nini bila kujiangamiza endapo karatasi ingekamatwa, na makadirio ya namna hiyo huwezi kuyapata katika jalada la mkuu wa gereza.

Hapa ndipo ile hesabu ya shuleni inaponirudia. Andiko la siri hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa mchapishaji: limekunjwa, limefichwa, pengine limenakiliwa na mtu mwenye haraka. Shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, hulilinda neno lake, maana nakala ikidondosha silabi moja mshororo huchechemea, na ikibadilisha neno la mwisho kina hupotea. Kwa mtu aliyekulia katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, kama mwenyewe Abdilatif, kosa hilo husikika kabla halijaonekana. Tena utungo wa vina hukaa kichwani, kwa hiyo karatasi ikichukuliwa si lazima shairi liende nayo.

Nathari haina kinga hiyo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa riwaya aliyewekwa kizuizini katika gereza la Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika humo riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Amesimulia kwamba zilikuwa ngumu na zenye kukwaruza, na kwamba ubaya huo kwa mwili ulikuwa uzuri kwa kalamu. Siku moja chumba chake kilipekuliwa, karatasi zikachukuliwa, na zikarudishwa baada ya wiki kama tatu. Zingechomwa, hakuna kina ambacho kingemsaidia kuirejesha riwaya nzima.

Sisemi kwamba kila kilichoandikwa kwa siri ni kweli tupu. Shajara ambayo mwandishi Gakaara wa Wanjaũ aliiweka alipokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau miaka ya 1950, ilitolewa kama kitabu mwaka 1983, na msomaji makini ana haki ya kuuliza ni sentensi zipi zilizoandikwa kambini na zipi zilizonyooshwa baadaye, kwa kuwa chapa huzifanya zote zifanane. Ninachokataa ni mazoea ya kuuliza maswali hayo kwa mfungwa peke yake. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusi 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani London, ndipo Uingereza ilipokiri kuwa na majalada iliyoyaondoa Nairobi kabla ya uhuru, yamehifadhiwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Yalikuwa na muhuri wa serikali, lakini yalifichwa sawasawa na karatasi ya chooni.

Anayenisumbua zaidi ni askari aliyezitoa karatasi za Abdilatif. Alihatarisha kazi yake, na bila yeye huenda tusingekuwa na kitabu, lakini usalama wake ulitegemea asiandikwe popote. Gereza huwa na daftari za zamu. Kama za Kamiti na Shimo la Tewa, magereza alimofungwa Abdilatif, za miaka ile zimesalia, ningependa mtafiti mmoja azifungue na kuzisoma bega kwa bega na mashairi, aone nani alikuwa mlangoni.