Zabibu Zisizoonekana Kwenye Katalogi

Mwanafunzi wa kilimo anakaa kwenye kompyuta ya katalogi katika maktaba ya chuo hapa Dodoma, anaandika "zabibu", anapata sifuri. Kitabu kipo. Kimesimama rafuni kwenye 634.8, namba ya zabibu katika uainishaji wa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, hatua chache kutoka alipo. Tatizo ni kwamba rekodi yake ilinakiliwa kama ilivyo kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, na huko vichwa vya mada, yaani maneno yanayotaja kitabu kinahusu nini, huandikwa kwa Kiingereza. Mji unauza zabibu barabarani, katalogi yake haizijui.

Wakutubi wamegawana kazi kwa muda mrefu. Shirikisho lao la kimataifa, IFLA, liliundwa Edinburgh mwaka 1927. Muundo wa MARC, unaoiwezesha rekodi ya maktaba moja kusomeka kwenye kompyuta ya nyingine, ulitokana na kazi ya Henriette Avram katika maktaba hiyo ya Marekani miaka ya 1960. Kinachobishaniwa huku kwetu ni kama mkutubi anakili rekodi za wenzake au aandike zake mwenyewe.

Hoja ya wanaonakili ni nzito, na mtu aliyewahi kuletewa maboksi ya vitabu mia tatu kwa mkupuo hahitaji kushawishiwa. Kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, unasajili seva ya Washington mara moja tu: lx2.loc.gov, poti 210, hifadhidata LCDB, herufi utf8. Baada ya hapo unaingiza ISBN, namba ya kimataifa ya kitabu, bila vistari, rekodi inakuja na mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na vichwa vya mada. Mara nyingi uga 082 (uga ni sehemu ya rekodi yenye namba yake; wengi huuita tagi) unakuja na namba ya Dewey tayari, na hilo si jambo dogo: Dewey ni mali ya OCLC, shirika la huduma za maktaba lenye makao Ohio, Marekani, tangu 1988, na toleo la mtandaoni linalosasishwa hulipiwa. Maktaba isiyo na bajeti hiyo inapata namba kwa mlango wa nyuma, tena kihalali.

Yapo yanayoharibika. La kwanza halimhusu hata mkutubi: utafutaji unakwama ingawa tovuti ya maktaba ya Washington inafunguka vizuri kabisa. Mara nyingi watu wa TEHAMA wamefunga poti 210 kwenye ukuta wa usalama. Waandikie barua waifungue kwa mawasiliano ya kutoka. Usipoteze wiki ukibadilisha mipangilio ya Koha. La pili ni rekodi changa, zilizoandaliwa kabla kitabu hakijachapishwa. Utazitambua kwa tarakimu 8 kwenye nafasi ya 17 ya lida, mstari wa misimbo unaofungua rekodi, na uga 300 unaotaja kurasa na sentimita bila kuweka idadi. Kamilisha kwa kitabu chenyewe mkononi, maana hata jina la kitabu huweza kubadilika kabla ya kuchapwa.

Upande wa pili una hoja ambayo wanaonakili hupenda kuiruka. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo riwaya ya Kiswahili iliyochapwa Dar es Salaam huweza kuwa na rekodi Washington kabla haijapokelewa kwenye maktaba ya Dodoma. Ukiinakili, huenda ukakuta uga 050 wenye PL8704, alama ya fasihi ya Kiswahili katika mfumo wao wa uainishaji, na uga 082 wa Dewey haupo. Namba unaijenga mwenyewe: 896.392 ni fasihi ya Kiswahili, ongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthilia, 3 kwa hadithi. Riwaya inakwenda 896.3923.

Kigogo ndicho kinachoonewa zaidi. Orodha ya kawaida ya lugha katika MARC inaipa Kiswahili msimbo wake, swa, lakini Kigogo hakina. Kinaangukia kapu la jumla la lugha za Kibantu, bnt. Msomaji akichuja kwa lugha hatakipata. Dawa ni kuongeza uga 041, wa lugha, wenye kiashirio cha pili 7 (yaani msimbo umetoka orodha nyingine), msimbo gog, na chanzo iso639-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha. Kazi ya nusu dakika, na hakuna mtu wa Ohio atakayekufanyia.

Hata hivyo, wanaosema tuandike kila kitu wenyewe nao wanakosea. Waachie wakutubi watatu kitabu kimoja bila kanuni ya pamoja: mmoja ataingiza mwandishi kwa jina la kwanza, wa pili kwa jina la ukoo, wa tatu atabandika "Dkt." mbele. Mwandishi mmoja amekuwa watatu.

Msimamo wangu: nakili kila chenye ISBN kutoka nje, kisha muda uliookolewa uutumie kwenye kile kisicho nayo: ripoti za utafiti wa zabibu kutoka kituo cha Makutupora, tasnifu, vijitabu vya halmashauri, maandishi ya Kigogo. Na ukishaandika rekodi zake, zigawe kwa maktaba nyingine. Koha ina seva yake ya kugawa rekodi, ila kwa kawaida huwa imefungwa hadi msimamizi aiwashe. Asipoiwasha, safirisha faili la .mrc, yaani la rekodi za MARC, kwa flashi hadi Mpwapwa au Kondoa, litafanya kazi. Angalizo: upakiaji kwa kawaida hulinganisha rekodi kwa ISBN, na ripoti isiyo na ISBN itaingia mara mbili. Weka namba yako ya kipekee kwenye uga 035, ukitanguliza msimbo wa maktaba, na mwelekeze mwenzako alinganishe kwa hiyo.

Tusidanganyane kwamba ugawanaji huu hauna wenyewe. Mwaka 2022 OCLC iliishtaki kampuni ya Clarivate kwa sababu ya MetaDoor, mfumo wa kubadilishana rekodi bure, na kabla mwaka haujaisha Clarivate ikauacha. Ndiyo maana rekodi mliyoiandika ninyi ina thamani ya ziada: hakuna anayeweza kuwauliza mmeitoa wapi.

Kuhusu yule mwanafunzi, ongeza uga 653, wa maneno huru ya utafutaji, na uandike "zabibu", "kilimo cha zabibu", "mizabibu". Halafu linda kazi hiyo. Siku mwenzako atakapovuta upya rekodi kutoka Washington na kubadilisha ya zamani, nyuga zako zote zitafutika kimyakimya. Matoleo mapya ya Koha yana kanuni za kufunika rekodi, zinazoamua uga upi ubadilishwe na upi uachwe. Weka 653 na 041 zisiguswe, kisha jaribu kwa rekodi moja kabla ya kuziamini.