Darasa la Saba Wakimaliza, Kituo Nacho Kinafunga

Ukisoma ripoti ya mwaka ya kituo kimoja cha vijana kilicho chini ya kanisa hapa Dar es Salaam, ya jirani yake unaijua bila kuifungua. Januari wamegawa madaftari na sare. Pasaka kwaya imeimba. Juni wamekwenda kambi Bagamoyo na kupiga picha ya pamoja kwenye magofu ya Kaole. Agosti bonanza. Desemba pilau, zawadi, na mgeni rasmi aliyechelewa. Mimi mwenyewe nimo kati ya wanaoziandika ripoti hizo, na nitaendelea kuziandika kwa sababu bila hizo fedha haziji. Ila mwaka wa kituo hauko humo.

Uko kwenye Jumanne ya kawaida, saa tisa alasiri. Geti likifunguliwa, wa kwanza kuingia ni wale wa zamu ya asubuhi, ambao wamezurura mtaani tangu mchana. Mabegi yanatupwa ukutani, viatu vya shule vinavuliwa visiharibike kabla ya kesho. "Shikamoo anko, mpira uko wapi?" inasemwa kwa pumzi moja, na marahaba yako hakuna anayeisubiri. Wasichana wanaanza rede kando ya bomba la maji. Wachache wanakaa kwenye benchi na kitabu cha Hisabati, zaidi kwa ajili ya kumngoja mtu wa kuwauliza wanaendeleaje. Saa kumi kundi zima linaondoka kwenda madrasa, na baadaye linarudi, kofia mfukoni, likitaka kujua nani anaongoza. Saa kumi na mbili geti linafungwa kwa mabishano. Hakuna cha kupiga picha hapo. Kazi yenyewe ni ya mtu mzima mmoja anayewajua watoto kwa majina, akagundua kwamba fulani hajaonekana tangu wiki iliyopita, akaenda kwao kuuliza.

Hilo la madrasa huwashangaza wageni. Kituo ni cha parokia, lakini upande huu wa Temeke watoto wengi ni Waislamu, na alasiri ya mtoto wa Pwani ina mwenyewe tangu zamani: chuoni kwa maalimu. Kituo chenye akili kinapanga ratiba yake kuizunguka madrasa. Mwaka 2024 Kwaresma na Ramadhani ziliangukiana, Pasaka ikawa 31 Machi na Idi 10 Aprili, na juu ya yote hayo masika ikanyesha kupita kiasi. Uji wa saa kumi tuliusimamisha mwezi mzima, kwa sababu hakuna adabu kumwagia mwenzako harufu ya uji akiwa amefunga. Baadhi ya wazee wa kanisa walinung'unika: kituo cha nani hiki? Jibu langu ni fupi. Mtoto aliyekuja kwa ajili ya mpira amekuja, asitozwe kiingilio cha ibada. Sala ya kufungua tunasali, anayetaka anasimama nasi, asiyetaka anakaza kamba za viatu vyake.

Na wala si ulegevu wa siku hizi. Wasalesiani, shirika la Kikatoliki linalolea vijana, ambao wako Tanzania tangu mwaka 1980 na ambao viwanja vyao vya Upanga na Oysterbay wapenzi wa kikapu wa jiji hili wanavifahamu vizuri, wanahesabu mwanzo wa kazi yao kuwa tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa moja mjini Torino, Italia. Mvulana yatima wa miaka 16, Bartolomeo Garelli, aliingia humo kwa sababu ya baridi, na mtunza sakristia akamtimua kwa fimbo. Padre kijana Giovanni Bosco, yaani Don Bosco, mwanzilishi wa Wasalesiani, akaagiza aitwe arudi. Akamuuliza kama anajua kusoma. Hajui. Kuimba? Hajui. Kupiga mluzi, je? Mvulana akacheka. Katekisimu ilikuja baada ya kicheko hicho.

Mimi kinachonivutia zaidi katika habari hiyo ni kalenda. Wavulana wa Torino wakati ule walikuwa wametoka vijijini kuja kubeba matofali na kufagia mabomba ya moshi. Siku za kazi walikuwa na bosi. Jumapili na sikukuu hawakuwa na mtu. Kwa hiyo Don Bosco alifungua Jumapili na sikukuu. Baadaye akaongeza madarasa ya jioni, walipokuwa wametoka kazini. Walifukuzwa huku na kule kwa sababu ya kelele, makaburini, kwenye vinu, hata uwanja wa kukodi, mpaka Pasaka ya mwaka 1846 walipopata banda la mtu mmoja aitwaye Pinardi huko Valdocco. Yule bwana alikuwa akitazama ni saa ngapi vijana hawana pa kwenda, kisha anafungua mlango saa hiyo.

Waprotestanti nao walifanya vivyo hivyo. YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ilizaliwa London mwaka 1844, kazi ya George Williams na wenzake, vijana wauza vitambaa waliokuwa wakifanya kazi na kulala dukani kwa tajiri. Mwaka 1891, katika chuo chao cha Springfield, Marekani, kulikuwa na tatizo dogo kabisa: msimu wa mpira wa miguu wa kwao ulikuwa umekwisha, wa besiboli haujaanza, nje baridi, na darasa la vijana limechoshwa na mazoezi ya viungo hadi likawa halitawaliki. James Naismith akaambiwa atafute kitu cha kuwashughulisha ndani ya ukumbi. Akapigilia misumari vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani, akaandika sheria 13, mpira wa kikapu ukazaliwa. Miaka minne baadaye William Morgan, wa YMCA pia, akatoa mpira wa wavu. Yaani michezo miwili ambayo watoto wetu wanaigombea kila alasiri ilibuniwa na watu wa vituo vya dini, na ule wa kwanza ulibuniwa mahsusi ili kujaza pengo kati ya misimu.

Sasa tazama pengo letu.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Mwaka 2024 ulikuwa tarehe 11 na 12, na watahiniwa nchi nzima walizidi milioni 1.2. Mtoto akiweka kalamu chini hapo, shule haimtaki tena mpaka kidato cha kwanza kifunguliwe Januari. Miezi minne. Ana miaka 13 au 14, na kwa mara ya kwanza maishani hana sare, hana kengele, hana mwalimu wa zamu. Nyumbani anaonekana mkubwa ghafla. Msichana anapelekwa kwa dada yake kulea mtoto, au anasimama na mama kwenye genge. Mvulana anaosha bodaboda, anabeba mizigo sokoni, anauza maji stendi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa hiyo sisemi kila kinachofanyika ni uhalifu. Nasema hakuna anayeangalia. Matokeo yakitoka, jina la mtoto likionekana limechaguliwa, watu hupiga vigelegele. Lakini Januari ikifika kuna majina yasiyoripoti, na kila mlezi wa kituo anaweza kukutajia sababu za wale wa mtaani kwake: mimba, pesa ya kila siku aliyoizoea mvulana, au mama aliyesafiri akamwachia nyumba.

Na kituo chetu kinafanya nini miezi hiyo? Kinafuata kalenda ya shule. Darasa la saba tunawapoteza kuanzia katikati ya mwaka, wanapobanwa na masomo ya ziada alfajiri na jioni. Septemba tunawafanyia sala ya kuwaombea, nzuri sana, na mishumaa. Halafu basi. Daftari la mahudhurio linawahesabu kuwa "wamehitimu". Oktoba ni zamu ya darasa la nne na upimaji wao, Novemba wanafunzi wa chuo wanaojitolea wanaanza kubanwa na mambo yao, na shule zikifungwa Desemba sisi nasi tunafunga, tukirudi siku moja kwa ajili ya pilau. Kwa maneno mengine tuko wazi muda ambao mtoto ana walimu wanaomwangalia, na tumefunga pale asipo na mtu. Don Bosco angetushangaa.

Pengo hilo litazidi. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Watakaokuwa mtaani wakingoja kidato cha kwanza watakuwa wadogo zaidi, na mwaka wa mpito, la sita na la saba wakimaliza pamoja, watakuwa kundi ambalo hakuna geti la parokia litakalolitosha. Wa kidato cha nne wana pengo refu kuliko hilo, kuanzia Novemba hadi Julai wanapoingia kidato cha tano, lakini wale angalau wana umri wa kujitetea kidogo. Wa darasa la saba ni watoto.

Wazazi wenye uwezo wameshaona. Wanawalipia watoto wao kozi za maandalizi ya kidato cha kwanza, na kwa sababu ya maana: shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza kwa siku moja. Mtoto aliyekuwa bingwa wa Sayansi anakaa bubu hadi Pasaka. Kwa hiyo mzazi anayekuja kwetu anauliza jambo moja: mna twisheni? Ukimwambia kuna mpira, kwaya na saa moja ya kusoma, anakutazama kama umemuuzia gunia tupu.

Namwelewa, lakini simkubalii kabisa. Mtaa wetu umejaa twisheni. Mahali ambapo mtoto anaweza kushindwa bila kuchapwa wala kupewa namba ya nafasi darasani hapazidi pawili, na pa kwanza kati ya hapo ni uwanjani. Kiingereza tutafundisha, ndiyo, asubuhi, hasa cha kuongea, kwa maigizo na nyimbo na ubishi wa Simba na Yanga, ambao katika lugha yoyote hauishi maneno. Lakini saa tisa daftari lifungwe. Kituo kikigeuka darasa la pili kinawapoteza wale wale ambao darasa la kwanza lilishawachosha, na hao ndio tuliowafungulia.

Ugumu upo. Wafadhili wanapenda kitu chenye tarehe. Kuna mmoja aliyetuletea fulana zenye nembo yake, nyingi kuliko watoto, wakati tulichoomba ni bati za kuezekea sehemu ya uwanja ili masika isitufunge. Fulana zinaonekana kwenye picha, bati halionekani. Mlezi anayefika kila siku hana picha kabisa. Anahitaji nauli, chakula cha mchana na posho ndogo ya kumfanya asitoroke akipata kibarua. Hakuna andiko la mradi nililowahi kuliona likipitishwa kwa shangwe kwa sababu ya nauli.

Basi pesa itoke pale ilipo. Nilipeleka hoja kwenye kikao cha parokia kwamba sherehe ya Desemba ifutwe na bajeti yake ihamie Septemba. Mama mmoja wa jumuiya, ambaye amekuwa akisonga uji wa kituo tangu kianze, alinikatalia mbele ya paroko. "Mwanangu, wapo ambao nyama ya Noeli wanaila hapa tu." Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu alikuwa anasema kweli na majina anayo.

Tukaishia katikati. Pilau inabaki. Vinavyotoka ni turubai, viti vya kukodi, spika, mshereheshaji na mgeni rasmi pamoja na bahasha yake. Mama huyo huyo ndiye aliyetukumbusha kwamba spika za kanisa zipo na hazidai kodi. Kilichookolewa kinatosha walezi wawili, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa wasichana ndio tunaowapoteza kwanza na hawatamweleza anko yale ambayo wangemweleza dada. Mtihani ukiisha Alhamisi, Jumatatu yake geti linafunguliwa saa mbili asubuhi kwa ajili ya darasa la saba peke yao, na litafunguliwa hivyo hadi shule zifunguliwe Januari. Ijumaa tutafunga saa tano na nusu ili wanaokwenda msikitini wawahi. Anayejua Kiingereza cha kuongea na ana asubuhi mbili kwa wiki, ofisi ya parokia inapokea majina.