Stika ya bima ya boda ni ya abiria pia

Ndugu zangu wa Kigoma, mi nipo Columbus, Ohio huu mwaka wa saba na hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana mwezi wa tisa, mama mdogo alipovunjika ugoko. Alikuwa ametoka sokoni Mwanga na madumu yake mawili ya mawese kapanda boda, wakashuka ule mteremko wa Lumumba kwenda stesheni, dogo akataka kuipita bajaji, breki zikagoma wakaenda chini. Mawese yote barabarani, mguu ukavunjika sehemu mbili.

Mi napigiwa simu siku ya tatu naambiwa "usiwe na wasiwasi tumeshayamaliza." Mmeyamaliza vipi? Wazee wamekaa, bosi wa pikipiki katoa laki moja na nusu ya matibabu, kaomba radhi, basi. Laki moja na nusu, mtu amelala miezi mitano hajauza hata chupa moja!

Usiku huohuo nikaomba namba ya pikipiki, nikaingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, nikaiweka. Ina bima. Ile bima ndogo, inayolipa watu wanaoumizwa na chombo, ipo hai kabisa, na pikipiki ni ya namba nyeupe, imekatiwa bima ya kubeba abiria. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu sana. Hela ya mama mdogo ilikuwa ipo siku zote na kwenye kile kikao hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nasema hivi kwa uchungu mana na mimi yalinikuta huku. Januari 2022 nimeita taksi ya mtandaoni kutoka kazini usiku, theluji, dereva kapita taa nyekundu tukagongana na gari nyingine, mtulinga ukavunjika. Kwa sheria ya Ohio ukiwa abiria ndani ya gari ya hivyo, au dereva akiwa ameshapokea safari anakufuata, lazima kuwe na bima ya dola milioni 1. Akiwa amewasha tu programu anasubiri mteja inashuka mpaka dola 50,000 kwa mtu mmoja aliyeumia na 100,000 kwa ajali nzima, na akiwa ameizima ni bima yake binafsi tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachotafutwa ni ile safari ilikuwa inasomeka vipi kwenye simu saa ile ile, na yangu nilikuwa nimeshaipiga picha pale pale nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa barabara natetemeka.

Msidhani nilipewa hela kwa huruma. Wiki ya pili mtu wa bima kanipigia, sauti laini, anataka maelezo yangu yarekodiwe na nisaini nipokee dola 3,000 tumalizane. Kodi inanidai, nilikaribia kusaini. Mkongomani mmoja tunayefanya naye kazi ndo akaniambia kaka ukisaini hiyo umekwisha, mfupa ukikataa kuunga huwezi kurudi tena kwao. Nikatafuta mwanasheria, yeye anachukua theluthi moja ukilipwa, usipolipwa hachukui. Miezi 14. Ikatoka 31,500, mwanasheria kachukua 10,500, hospitali na mazoezi 9,000, nikabaki na 12,000. Na katika miezi yote hiyo yule dereva sijawahi kumuona tena, hakuna aliyenibishia hodi na uji.

Mama mdogo uji aliupata. Majirani walipokezana, na yule dogo wa boda alikuwa anakuja kila jioni, anachota maji, siku nyingine kaleta migebuka. Hilo silidharau hata kidogo, huku ningelilipia kama lingekuwa linauzwa. Ila ndo hapohapo tunapokosea, yani nikimwambia mama mdogo adai bima ananijibu "mwanangu, nimfunge mtoto wa watu aliyenichotea maji?" Anaona kudai bima ni kumshtaki dogo. Mama, hapana! Bosi alishailipa ile hela siku aliyokata stika, kampuni imeipokea kwa ajili ya siku kama ile, kwa ajili ya mguu kama wako. Usipodai dogo haokoi kitu, inabaki kwa kampuni.

Na bosi naye hakuwa mtu mbaya, ila laki moja na nusu aliitoa mfukoni wakati tayari alikuwa amelipa mara moja.

Wazee wangu mnaokaa kwenye hivi vikao, suluhisheni watu, lakini kabla hela haijahesabiwa mtu mmoja aulize bima ya chombo. PF3, ile fomu ya polisi, mnaichukua tayari ili mgonjwa atibiwe, sasa isiishie hospitali, toeni kopi. Trafiki aje apime, ripoti yake iandikwe. Risiti za dawa, eksirei, hata nauli ya kwenda kliniki, tunza. Na angalieni namba, mana pikipiki ya namba ya njano iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi halafu inabeba abiria, hapo kampuni ina sababu ya kukataa. Wakizungusha ipo TIRA na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa madai ya kuumizwa kama haya sheria yetu inatoa miaka mitatu, na mama mdogo hajasaini popote. Nilimuelezea dogo mwenyewe kwa simu, taratibu, kwamba hakuna anayemtafuta yeye. Jana kanitumia picha ya stika na kadi ya pikipiki, amemuomba bosi wake akampa. Mama mdogo kasema Jumatatu akienda sokoni atapitia polisi kuulizia ripoti, na dogo ndo atampeleka.