Sketi hii siuzi

Jumapili iliyopita nilivaa sketi mpya ya kitenge kanisani, na kabla sijafika langoni watu watatu walikuwa wameniuliza nimeinunua wapi. Niliposema nimejishonea, wote walinipa ushauri mmoja: fungua duka. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Ahero, aliinama akashika upindo, akaugeuza aone ndani, akasema, "Nyathina, mwanangu, kumbe umekalia pesa hivi?"

Shangazi nampenda, na ninaelewa anachokiona. Hapa Kisumu mtu akijua kupika chapati nzuri ataambiwa auze, akijua kusuka ataambiwa auze. Maisha ni magumu, na kila mkono unaoweza kitu unatazamwa kama mfuko wa fedha. Lakini mimi siuzi, na nimechoka kutazamwa kama yule mtumishi wa kwenye Biblia aliyefukia talanta.

Sketi yenyewe ni ya mwavuli, duara kamili. Kiuno changu ni inchi 30. Ukigawanya 30 kwa 6.28, yaani pai mara mbili, unapata karibu inchi 4 na robo tatu, na hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Nikapunguza kidogo, maana mshono nao hula. Nilitaka urefu wa inchi 28, kwa hiyo kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ni inchi 33 hivi. Upana wa kitenge ni kama inchi 45, duara la ukubwa huo haliingii. Unakata nusu mbili, unaziunganisha ubavuni. Ukijumlisha na upindo, zinameza karibu yadi 4. Kitenge changu kilikuwa cha yadi 6, na masalio yakatoa mkanda wa kiuno na mifuko miwili. Mifuko ya kweli, ambayo mkono unaingia wote hadi kifundoni. Sketi nilizokuwa nikinunua hazikuwa na mifuko, nami nilizoea kutembea na simu mkononi kama mshumaa.

Kazi kubwa ilikuja baada ya kuunganisha. Upindo sikuukunja siku hiyo. Niliitundika sketi mlangoni usiku kucha. Kitambaa kikikatwa duara, kuna mahali kinaning'inia kwa kufuata uzi na mahali kinaning'inia hanamu, yaani mshazari wa uzi, na pale penye hanamu huvutika kwa uzito wake chenyewe. Asubuhi ilikuwa imeshuka katika sehemu nne, pengine karibu inchi nzima. Nikaivaa, nikasimama wima, mdogo wangu akapiga magoti na rula na chaki, akanizunguka polepole akitia alama kutoka sakafuni. Nikakata palipozidi, nikapiga pasi, ndipo nikakunja upindo mwembamba, robo inchi. Huo ndio upindo alioushika shangazi.

Sasa mfikirie fundi wa soko la Kibuye mwezi wa Januari, meza imefunikwa na sare za shule. Analipwa kwa nguo, halipwi kwa saa. Ataitundika wapi sketi usiku kucha, na mteja ameshasema anaipitia saa kumi?

Haya nimeyajua kwa uchungu. Dada yangu alipoolewa nilipeleka kitambaa kizuri kwa fundi mmoja, nikalichukua rinda asubuhi ya harusi. Kwapa zilibana hata mikono haikupanda, na ndani hakuwa ameacha hata nusu inchi ya kufumulia. Nilimaliza sherehe nimejitanda leso mabegani, watu wakicheza, mimi nimekaa. Nilimkasirikia miezi mingi. Hasira ilinitoka nilipoanza kushona mwenyewe, nikaona kuingiza mkono mmoja tu wa rinda, ukae bila kuvuta, kunaweza kula jioni nzima. Yeye jioni hiyo hakuwa nayo.

Nilijifunzia kwenye cherehani ya mama, ile ya kukanyaga, aliyoinunua zamani wakati KICOMI bado inafuma vitambaa hapa hapa mjini. Kiwanda kilikufa miaka ya 1990. Cherehani inaendelea, na stima ikipotea haisimami. Marinda yangu mawili ya kwanza niliyashona kwa shuka za mitumba kutoka Kibuye. Shuka ya pamba iliyofuliwa mara mia haitarudi na kupungua tena, inakatika vizuri, na ukiharibu moyo hauumi. Nikifumua, nashona tena. Rinda la pili nililifumua kwapa mara tano.

Kufumua mara tano ndiko ninakokulinda. Siku nitakayoanza kuuza, kitu cha kwanza kuondoka ni usiku ule wa kutundika, kwa sababu mteja haoni usiku, anaona bei. Kisha yataondoka majaribio ya shuka. Baada ya mwaka nitakuwa fundi mwenye haraka kama wengine, tena nisiye na uzoefu wao.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaonishauri hawalifikirii. Mimi nina mshahara wangu kwingine. Nikiuza sketi kwa bei ya kitambaa na shilingi kidogo juu, bila kuhesabu jioni zangu nne, nitakuwa ninamharibia soko mama mwenye cherehani moja pale barabarani, anayelipa kodi ya kibanda na karo kwa mishono ile ile. Sketi ya mtu kama yeye inapaswa kuwa ghali kuliko ilivyo. Sitaki kuwa sababu ya kuishusha.

Shangazi nilimpima palepale uani, amesimama na Biblia mkononi. Kiuno inchi 38, tundu litakuwa na nusu kipenyo ya inchi 6. Nimemwambia alete kitambaa chake, na asilete pesa. Ila akija ajiandae kulala, kwa sababu sketi lazima itundikwe usiku mmoja kabla sijamtia alama ya upindo.